Maji Yaliyochemka Mara Tatu

Kijana alibisha hodi kwangu saa kumi na moja alfajiri. Ulikuwa mwezi wa saba, na kule Makete mwezi wa saba si wa kuchezea: sakitu ilikuwa imelala juu ya majani, nyeupe kama chumvi iliyomwagwa, na suruali ya yule kijana ilikuwa imelowa hadi magotini. Alinipa shikamoo huku meno yakigongana. Kabla sijamaliza kuitikia akasema, "Bibi kanituma, Daktari. Ng'ombe kazaa jana jioni vizuri tu, lakini tangu usiku wa manane hasimami. Shingo kaikunja hivi." Akageuza kichwa, akakilaza begani, akabaki hivyo akinitazama kwa jicho moja.

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Ilikuwa homa ya maziwa. Jina lake linadanganya, maana mgonjwa hana joto. Ukimshika masikio ni ya baridi. Ng'ombe wa maziwa mengi akizaa, kalsiamu iliyo kwenye damu yake hukimbilia kiwele upesi kuliko mwili unavyoweza kuirudisha, na misuli ikikosa kalsiamu inakosa nguvu. Huanza miguu, tumbo hufuata, mwisho ni moyo. Asipotibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Akitibiwa, mtu asiyejua anaweza kudhani umefanya miujiza: chupa moja ya kalsiamu, mililita 400, unaiingiza kwenye mshipa wa shingo, na mnyama aliyekuwa amelala kama gogo anaanza kutetemeka, anabeua, anajisaidia, anasimama. Katika kazi zote za afisa mifugo sijui nyingine inayomrudisha mtu nyumbani na furaha kama hiyo.

Lakini chupa hiyo ina masharti. Ipashwe kwanza ndani ya maji ya uvuguvugu hadi ilingane na joto la mwili. Kisha dawa ipite polepole, dakika kumi au zaidi, huku unasikiliza mapigo ya moyo, kwa sababu kalsiamu ile ile inayomfufua ng'ombe huusimamisha moyo wake ukiikimbiza. Masharti haya nilikuwa nayo kichwani kama sala. Nilikuwa nimemfundisha hata yule bibi, ng'ombe wake huyo huyo alipoanguka baada ya zao la tatu. Aliyewahi kuugua ugonjwa huu huwa karibu sana na kuugua tena, kwa hiyo nilimwachia maagizo: "Ukiona dalili, Bibi, mtume mtu haraka, halafu wewe weka maji motoni."

Yeye alifanya vyote viwili.

Pikipiki yangu ilikuwa Yamaha DT 125 ya mradi, injini ya mipigo miwili, tu-stroki. Nazungumzia miaka ya tisini, Makete ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa, na barabara nyingi za kule zikiwa ni njia za mbao na viazi tu. Wakati huo mabwana shamba, watu wa mifugo na mapadre wa parokia za mbali walizipanda sana pikipiki za aina hiyo, kwa sababu ni nyepesi, zina nguvu mlimani, na injini yake haina mambo mengi ndani. Haina vali kichwani. Haina oili inayokaa chini ya kranki kama ilivyo kwenye bodaboda za leo, ambazo nyingi ni za mipigo minne. Oili ya tu-stroki inaingia pamoja na petroli, inalainisha ikiwa njiani kwenda kuungua, kisha inatoka kama ule moshi wa bluu tuliouzoea. Kila tone linapita mara moja tu. Sikujali sana habari hiyo siku zile. Niliona pikipiki ni chombo cha kunifikisha, na ilikuwa ikinifikisha.

Niliitoa nje. Mapezi ya silinda, yale mabamba membamba yanayoizunguka, yalikuwa na umande ulioganda. Nikafungua koki, nikavuta choki, nikapiga kiki. Ya tatu ikawaka. Ilikuwa inakohoa na choki, nikairudisha palepale. Nikapiga resi kubwa mbili tatu ili iamke, kama nilivyokuwa nikiona wenzangu wakifanya stendi. Kijana akapanda nyuma, nikaingiza gia. Tangu kiki hadi kuondoka haikuzidi nusu dakika, na nilijiona hodari wa kazi, mtu asiyepoteza muda mgonjwa akimsubiri.

Kutoka kwangu njia inapanda moja kwa moja. Tulikuwa wawili na mkoba wa dawa, nami nikavuta mafuta mpaka mwisho, gia ya pili, ya tatu, tena ya pili. Tulikwenda kama kilomita moja na nusu. Kisha nikasikia sauti ikibadilika. Haikuwa ya kugonga wala ya kukohoa. Ilijikaza, ikawa nyembamba, kama mtu anayebanwa pumzi, na nguvu ikapungua ingawa mkono wangu ulikuwa umevuta yote. Ambaye ameisikia mara moja hawezi kuisahau. Dereva anayejua hufunga mafuta na kushika klachi papo hapo. Mimi nilikaza mkono zaidi, nikidhani mlima umetuzidi. Gurudumu la nyuma likasimama ghafla, likaburuzika, tukaanguka wote wawili ubavuni mwa njia.

Namshukuru Mungu tulikuwa tukipanda. Ingekuwa kwenye tambarare, kwa mwendo wa kilomita 80, nisingekuwa nikisimulia. Kijana alichunika kiwiko. Chupa ya kalsiamu haikuvunjika. Niliikagua hiyo kabla ya kumkagua yeye, na jambo hilo nalijutia hadi leo.

Kiki ilikuwa imekaza kama imechomelewa. Tukasubiri. Baada ya dakika kumi hivi nikaisukuma tena kwa mguu, ikalegea, ikashuka. Nilifurahi sana. Nikaiwasha, ikawaka, ingawa sasa ilikuwa na mlio wa kokoto ndani ya kopo. Fundi angeniambia niizime hapo hapo. Mimi niliusikia ule mlio vizuri kabisa, nikamwambia kijana apande.

Hatukumaliza kilomita nyingine. Safari hii haikukaza, ilikata tu, na nilipopiga kiki mguu ulishuka bila kizuizi chochote, kama unakanyaga hewa. Tuliiacha uani kwa watu waliokuwa wakianza kuamka, tukaendelea kwa miguu.

Kwa pikipiki tungefika kabla ya saa kumi na mbili. Tulifika saa tatu na nusu. Jua lilikuwa limeshayeyusha sakitu na mashamba ya pareto yalikuwa yanang'aa, asubuhi nzuri kweli. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu nje ya banda, tumbo limejaa kama ngoma, miguu imenyooka. Alikuwa amekufa muda mfupi uliopita. Ndama, jike, alikuwa amefungwa pembeni na blanketi mgongoni. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, sufuria ikitoa mvuke. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa adabu zote, akanikaribisha. Halafu akaitazama ile sufuria.

"Maji yako yamechemka mara tatu, Daktari," akasema. "Yakipoa naongeza kuni."

Hakusema neno lingine kuhusu jambo hilo, siku ile wala baadaye.

Ng'ombe yule, chotara wa Friesian, alikuwa wa mkopo: unapewa mtamba, unalipa ndama jike wa kwanza kwa jirani anayefuata kwenye orodha. Mazao matatu ya nyuma yalikuwa madume mawili na jike mmoja aliyekufa kwa kuhara. Kwa hiyo deni lilikuwa bado, na huyu aliyevikwa blanketi ndiye aliyekuwa wa kulilipa. Bibi alimlea kwa maziwa ya kuomba mpaka akaachishwa, akampeleka kwa mwenye zamu. Alibaki na kamba.

Pikipiki ilipakiwa juu ya lori la mbao hadi Njombe, kwa fundi mmoja mzee ambaye karakana yake ilikuwa banda la mabanzi tu. Kazi yake kubwa ilikuwa chenso, misumeno ya mashine. Nchi ile ni ya mbao, na chenso ni tu-stroki kama ilivyokuwa pikipiki yangu, ndogo tu na yenye kelele zaidi. Alinikuta nimekaa juu ya gogo, nimechoka. Sikuwa nimemweleza lolote zaidi ya kwamba imekata njiani. Alifungua nati nne za kichwa, akakinyanyua, akaivuta silinda juu taratibu, na pistoni ikabaki uchi imesimama juu ya konrodi yake. Akaizungusha kidogo kwenye mwanga.

"Ulikuwa unakimbilia wapi asubuhi yote hiyo, mwanangu?"

Nilishtuka. Nikamuuliza amejuaje kuwa ilikuwa asubuhi.

Akaniita nisogee. Kwenye ubavu wa pistoni kulikuwa na mikwaruzo ya wima, mahali panne tofauti, miwili kila upande wa tundu la pini, kama makucha ya paka. Ringi moja ilikuwa imekatika na kipande hakikuwepo. Kilikuwa kimepitia kwenye tundu la ekzosti, baada ya kuchimba njia yake ukutani. "Pistoni iliyokamata baridi inachubuka pembe nne," akasema. "Haichubuki pengine." Kisha akavuta ndoo kutoka chini ya meza. Ilikuwa imejaa pistoni zilizokufa, za chenso, za pikipiki, na kubwa kadhaa za mashine za boti za Ziwa Nyasa.

Saa nzima iliyofuata ndiyo shule ninayoithamini kuliko semina zote nilizohudhuria. Alizitoa moja moja, akaniwekea mkononi. Hii imechubuka upande mmoja tu, ule unaotazama ekzosti: huyu alikosa oili, au kabureta ilikuwa inatoa petroli kidogo mno na hewa nyingi, pistoni ikaungua. Hii ina tundu katikati ya kichwa, kingo zimeyeyuka kama mshumaa: moto ulizidi kabisa, pengine kwa plagi isiyo yake. Hii imekuwa na rangi ya kijivu kama imepigwa msasa upande wa kabureta: amefungua chujio la hewa akala vumbi la msimu mzima. Na hizi, akasema akipanga pistoni sita mstari mmoja juu ya ubao, zote zina pembe nne. Zote zililetwa kati ya mwezi wa sita na wa nane.

Nikamwomba anieleze kwa nini baridi iue kitu kinachofanya kazi ndani ya moto. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na cheti, na swali hilo sikuwa nimewahi kujiuliza.

Alisema pistoni ni kama mtu aliyekaa jikoni, na silinda ni ukuta wa nje unaopigwa na upepo. Injini ikiwaka, moto unaolipuka juu ya pistoni unazidi digrii 2000, na pistoni ni kipande kidogo cha alumini. Kinapata joto ndani ya sekunde. Silinda ina uzito mkubwa zaidi, na imevishwa mapezi makusudi ili ipoe. Asubuhi ya sakitu, mapezi hayo yanafanya kazi yao vizuri mno. Basi aliye ndani anavimba, na nyumba bado imenywea.

Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, maana mimi huamini zaidi nikiona tarakimu. Pistoni ya DT 125 ina upana wa milimita 56. Nafasi kati yake na ukuta, injini ikiwa mpya, ni kama milimita 0.05, pungufu ya unene wa nywele. Alumini ya pistoni ikipanda joto kwa digrii 100, upana huo unaongezeka kwa zaidi kidogo ya milimita 0.1. Yaani inaimaliza nafasi yote na kudai nyingine kama hiyo. Chuma cha slivu iliyo ndani ya silinda kinatanuka karibu nusu ya alumini, na hicho kidogo chake kinatanuka pale tu joto linapokifikia. Ukisubiri, vyote viwili vinapanda pamoja na nafasi inabaki. Ukivuta mafuta yote mlimani kabla ya ukuta kupata moto, pistoni inausugua, alumini inaambaa na kujipaka chumani, msuguano unazaa joto jingine, pistoni inavimba zaidi. Pembe nne ndipo alumini ilipo nene, karibu na pini, kwa hiyo ndipo panapogusa kwanza. Kwa mizunguko 6000 kwa dakika pistoni inapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Hakuna nafasi ya kuwaza.

Kulikuwa na makosa mengine yangu ndani ya lile kosa, naye aliyataja bila ukali. Choki niliyoirudisha mapema: hewa ya baridi ni nzito, inahitaji petroli zaidi, na petroli yenyewe kwenye baridi haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo mchanganyiko unaofika kwenye moto unakuwa mwepesi, unaunguza. Zile resi za kuiamsha: oili ya alfajiri ni nzito, inatembea kwa uvivu, na pistoni ilipigwa mbio kabla kuta hazijalowa. Na lile la kuwasha tena baada ya kukaza. Alilirudia hilo mara mbili. Ikikamata kidogo kisha ikalegea, alumini iliyojipaka ukutani iko pale pale, na ringi imebanwa kwenye mfereji wake. Kinachotakiwa ni kuivua silinda, kusafisha, kuikagua. Ningeiacha pale pale njiani tulipoanguka, pistoni na ringi mpya zingetosha. Kwa kilomita moja ya ukaidi, silinda ilikwenda kuchongwa Mbeya, na mkwaruzo ulikuwa wa kina hata pistoni ya kuzidi milimita 0.25 haikufaa, tukaweka ya 0.50. Iliporudi, mzee alikaa na tupa ndogo akilainisha kingo za kila tundu ndani ya silinda, kwa sababu mashine ya kuchonga inaziacha kali kama wembe na ringi hunasa hapo. Aliniambia nisimlipe fundi yeyote asiyefanya hivyo.

Nilimuuliza basi niiwashe vipi. Ilikuwa jioni, akaitoa nje ili nione.

Alifungua koki, akavuta choki, na kabla ya kugeuza ufunguo akapiga kiki polepole mara nne tano, mguu ukisindikiza tu, ili petroli na oili zitangulie ndani. Kisha ndipo akawasha. Mkono wa mafuta hakuugusa kabisa. Injini ikawa sailensi, yaani ikizunguka bila kuvutwa mafuta, ikinguruma kwa kukwaruza mwanzoni, moshi ukiwa mzito. Alisubiri mpaka mlio ukawa na mpangilio, akairudisha choki nusu, akasubiri tena, akaimaliza. Alipoona ikisitasita alivuta mafuta kidogo sana, kiasi cha kuifanya ijibu. Hakupiga resi hata moja. Wakati wote huo kiganja chake cha kushoto kilikuwa juu ya mapezi, kama mama anayempima mtoto homa. Joto lilipofika kwenye kiganja akasema, "Sasa silinda imejua kwamba kumekucha." Zilipita kama dakika tatu. Kwa sakitu, alisema, ongeza mbili.

Hapo nilidhani somo limekwisha, nikasema basi nitakuwa naiwasha naiacha, naingia ndani kunywa chai, nikitoka iko tayari. Akakataa. Na hili naona wengi wanalikosea mpaka leo, wenye chenso hasa, kwa hiyo nakaa nalo kidogo. Tu-stroki ikiachwa sailensi muda mrefu haipati moto wa kweli, inaungua nusunusu. Oili inajikusanya chini, plagi inalowa na kuwa nyeusi, masizi yanaziba ekzosti, na pampu ya oili ya DT, ambayo hufuata mkono wa mafuta na mizunguko ya injini, inatoa kidogo mno. Joto lililobaki inalipata njiani. Unaondoka ukiwa na theluthi ya mafuta, gia hazivutwi sana wala hazilemewi, kilomita moja au mbili za kwanza. Kama kuna mlima mlangoni, unaupanda kwa gia ya chini bila kuikaza. Baada ya hapo ni yako, ivute utakavyo. Haikutengenezwa ibembelezwe siku nzima.

Aliongeza la kushuka, kwa kuwa alijua njia zetu. Ukitoka Matamba kuelekea Chimala unashuka ile barabara ya kona tunayoiita Hamsini na Saba. Dereva anafunga mafuta, anaiacha gia imshike, na injini inazunguka kwa kasi huku hakuna petroli ya kutosha inayoingia, maana yake hakuna oili ya kutosha. Mwenye kuchanganya oili kwenye tangi ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu kwake petroli na oili ni kitu kimoja. Kila baada ya kona kadhaa vuta mafuta kidogo, ilambe oili, kisha funga. Ndivyo nilivyofanya miaka yote iliyofuata, na barabara ile sikuwahi kuimaliza nikiwa na wasiwasi.

Kilichoniuma kuliko gharama, na kinaniuma hata ninapoandika, ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kigeni kwangu. Ipashe kwanza. Ipitishe polepole. Sikiliza. Nilikuwa nikiwafundisha wafugaji maneno hayo hayo, chupa mkononi, na nilikuwa nikiwakemea waliotaka dawa iishe upesi ili waone ng'ombe akisimama. Bibi aliyenisikia mara moja alikaa usiku mzima akipasha maji. Mimi niliyemfundisha nilipanda juu ya silinda yenye umande ulioganda nikavuta mpaka mwisho. Ujuzi nilikuwa nao, lakini niliuweka kwenye mkoba wa dawa peke yake.

Nilikwenda kwa Bibi kumweleza. Nilimwambia yote, hata habari ya ule mlio wa kokoto. Alinisikiliza huku akichambua maharage, akaniuliza swali moja tu: kama zile dakika tatu ningezisubiri, tungefika saa ngapi? Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba tena, kijana yule yule alinigongea. Safari hii ilikuwa ng'ombe wa jirani yao, amezaa usiku, amelala, masikio ya baridi. Sakitu ilikuwa nzito kuliko ya mwaka uliotangulia. Nilitia chupa ya kalsiamu ndani ya koti, kwapani, ianze kupata joto la mwili wangu. Nikaitoa pikipiki, nikapiga kiki za kusindikiza, nikaiwasha, nikasimama.

Kijana alikuwa ameshapanda nyuma. Alisubiri, akanitazama, akatazama mlima. Aliijua vizuri safari ile, na kiwiko chake kilikuwa bado na kovu. "Daktari," akasema mwishowe, "twende. Yule naye atakufa."

Nikamshusha. Nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya mapezi, mbali na ekzosti.

"Unasikia nini?"

"Baridi."

"Usiutoe."

Tulisimama hivyo, yeye ameinama, mimi nimeshika choki, moshi ukitambaa chini juu ya majani meupe. Ng'ambo ya bonde jogoo aliwika. Mlio wa injini uliacha kukwaruza, ukajipanga. Nikairudisha choki nusu. Aliniuliza kwa macho, nikamwambia bado. Nikaimaliza choki. Alihamisha kiganja kidogo, akakirudisha pale pale, halafu nikaona uso wake unabadilika kabla hajasema kitu.

"Inakuja," akasema.